Bunduki Tuliyoinunua kwa Selemani

Zainabu, mwanangu,

Mambo ya koti la baridi, dawa ya kifua na simu ya kila Jumapili amekwisha kukueleza mama yako, na najua atakueleza tena kesho mlangoni ukiondoka, huku umeshika ufunguo wa gari. Mimi huko sina la kuongeza. Nimekaa mezani jikoni, wewe uko juu unaburuta masanduku, na kila kitu kikianguka mama yako anauliza kwa sauti kama kimevunjika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Tukizungumza, mimi nasema hivi, wewe unanijibu kwa Kiingereza, mimi nachanganya, na mwisho mmoja wetu anasema "sawa" ili yaishe. Kiswahili cha kusoma unakwenda nacho polepole. Nataka usome polepole. Ukikwama neno, mpigie mama yako, ila usimsomee barua yote, maana mwishoni kuna jambo ambalo yeye hajui.

Ni habari ya bunduki. Nusu yake unaijua kuliko mimi, nusu nyingine huijui.

Unajua kazi yangu. Gari likigongwa kati ya miji ya Herndon na Laurel, na mwenye gari akidai bima, mimi ndiye ninayetumwa na kampuni kwenda kulitazama. Nalizunguka, nachungulia chini, nagusa rangi. Mtu ananiambia amegongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, mimi namwitikia kwa kichwa, na ndani najiuliza kwa nini kutu ya bampa ni ya zamani kuliko hadithi yake. Miaka yote hii nimelipwa mshahara nisiamini watu. Kazi ya namna hiyo huiachi ofisini. Unakuja nayo nyumbani, unakula nayo. Wewe umekua chini ya macho hayo, na najua hayakuwa macho mepesi kwa mtoto.

Uliponiambia unataka bunduki yako mwenyewe, ya kulenga shabaha za mbali, nilianza kwa kumshuku aliyekutia wazo hilo. Bunduki ndogo za timu ya shabaha ya shule nilikuwa nimezizoea, kwa sababu zilikaa shuleni na zilirudi shuleni. Sasa ulikuwa umetimiza miaka kumi na minane, na ulikuwa umemaliza majira yote ya kiangazi kwenye uwanja wa klabu ya shabaha kule kusini, unalala kifudifudi kwenye nyasi na kutazama karatasi iliyo mbali kiasi kwamba mimi niliona doa tu. Na kila ulichosema kilianza na jina moja. Dorothy kasema hivi. Dorothy kasema vile.

Nilimwona Dorothy mara ya kwanza pale pale uwanjani. Bibi wa Kimarekani, mweupe, mwalimu mstaafu wa hesabu, miwani minene, kofia ya kitambaa iliyopauka. Alikuwa amekupa mkeka wake wa kulalia na koti lake la kulengea shabaha, lile lenye ngozi begani. Amekupa tu. Nikamwuliza mama yako njiani tukirudi, "Huyu bibi anataka nini kwa mtoto wetu?"

"Labda hataki kitu," mama yako akasema.

"Hakuna asiyetaka kitu."

Hukulisikia hilo, ulikuwa umesinzia kiti cha nyuma. Lakini uliyoyasikia siku zilizofuata yalikuwa ya namna hiyo hiyo.

Dorothy alikushauri mambo ambayo leo nayajua kwa moyo. Usianze na risasi kubwa, maana bunduki ikikupiga teke mwanzoni, mwili utajifunza kuogopa kabla jicho halijajifunza kuona. Chukua ile ya kawaida ya kipimo cha mia tatu na nane, ambayo risasi zake zinapatikana kila duka. Mtutu uwe mzito, usitikisike, usipate moto haraka. Kitako kilingane na urefu wa mkono wako wewe, wala si wa mwanamume wa futi sita. Usitumie kila ulicho nacho kwenye bunduki ukakosa cha kununulia darubini, kwa sababu usichokiona huwezi kukipiga. Na iwe ya bolti, ile ya kuvuta mkono wa chuma nyuma ganda litoke, kisha kuusukuma mbele risasi nyingine iingie, ili kila risasi uipige kwa kufikiri.

Ushauri mzuri. Mimi nikausikiliza kama ninavyosikiliza hadithi ya taa nyekundu. Nikasema moyoni, huyu lazima ana mkono dukani. Anapeleka watoto, anapata chake.

Kwa hiyo siku moja nikatoka kazini mapema, nikaenda kwenye duka la bunduki nililokusikia ukilitaja pamoja na jina lake. Hili hujawahi kulisikia. Nilivaa tai. Nikamwambia muuzaji, "Nimetumwa na Dorothy," kisha nikamkazia macho nione kama uso wake utachangamka.

Ulikunjamana. "Yule bibi?" akasema. "Alikuja hapa akanigombeza mbele ya wateja. Ati nawauzia mizinga watu ambao hawajui hata kulala chini."

Hapo hapo akaanza kunionyesha mizinga. Bunduki ndefu zenye risasi nene kama kidole cha gumba. Nikamwuliza maswali, unanijua ninavyouliza. Na kadiri nilivyouliza, naye akawa ananitazama vingine. Akaniuliza bunduki ni ya nani. Nikasema ya binti yangu. Akauliza binti yako yuko wapi. Nikasema shuleni. Baada ya muda akaniuliza tena ni ya nani, polepole, kana kwamba mara ya kwanza sikuelewa Kiingereza. Mwenzake akatoka nyuma akasimama kwenye pembe ya kaunta, hana kazi anayofanya. Mtu mweusi mwenye tai na lafudhi, anauliza sana habari za bunduki na hanunui. Nilijiona mwenyewe kwa macho yao, na nikajua wanafanya kile kile nilichokwenda kufanya mimi. Nikaaga, nikaendesha gari huku nimekasirika, nikasahau njia ya kutokea nikajikuta nimekaribia uwanja wa ndege.

Ungedhani ningejifunza hapo hapo. Nilichojifunza ni kutonunua kwa watu nisiowajua. Ndipo Selemani akaingia.

Selemani unamwita Anko tangu hujaota meno. Anatoka Tanga, mtaa wa pili kutoka kwetu, na uchungu ulipomshika mama yako, kabla sijapata gari, ni yeye aliyemkimbiza hospitali huku mimi nimekwama kazini. Aliposikia unatafuta bunduki akacheka sana kwenye simu. "Kaka, ya nini kuhangaika? Mimi ninayo. Niliinunua nikitaka kujiunga na watu wa shabaha, mgongo ukanikatalia kulala chini. Imekaa tu kabatini. Nimebaki na ile nyingine nyepesi ya kuwindia paa. Njooni muione."

Tukaenda kwake Fairfax. Ulimwamkia, akakuitikia "Marahaba, mama," akaileta imefungwa ndani ya shuka. Mtutu mzito. Ya mia tatu na nane. Ulipoiweka begani, kitako kikaja pale pale. Uso wako niliuona. Ulinitazama ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba ndiyo hii.

Sasa nikuambie nilichokiona mimi. Bolti ilikuwa na mikwaruzo ambayo sehemu nyingine za bunduki hazikuwa nayo. Bunduki ilikuwa ya kabatini, bolti ilikuwa imefanya kazi. Kwenye gari, ningesema mlango huu umetoka gari jingine. Macho yangu yaliona, mwanangu. Lakini Selemani alikuwa anamwaga chai na kunikumbusha habari za marehemu kaka yangu, na nikajiambia, huyu ni Selemani. Nikafumba. Nilikuwa nimemchunguza hadi muuzaji wa dukani, halafu kitu chenyewe, ambacho binti yangu ataweka shavu lake juu yake, sikukiuliza swali hata moja.

Siku ya kuijaribu unaikumbuka. Ulipiga risasi chache kwenye shabaha ya karibu ili kurekebisha darubini. Nilikuwa nimesimama nyuma na Dorothy alikuwa pembeni yako amepiga magoti, anaokota maganda yako kama anavyofanya siku zote. Akalishika moja, akaligeuza kwenye jua. Akaokota la pili. Kisha akaweka kiganja juu ya bolti, akakuambia, "Simama. Usipige tena."

Alitoa klipu ya karatasi mfukoni, akainyoosha, akakunja ncha, akaitia ndani ya ganda na kukwaruza taratibu. Akanipa nijaribu. Karibu na kitako cha ganda, waya ulikwama kwenye mfereji. Nje, mahali hapo hapo, palikuwa na mstari unaong'aa ukilizunguka ganda.

"Linavutika," akasema. "Chemba, pale risasi inapokaa, ina nafasi kubwa kuliko inavyotakiwa. Risasi moja kati ya hizi zijazo italikata ganda, na moto utarudi nyuma. Kwenye uso wake."

Mtu mwingine angemshukuru. Mimi nilimtazama yule bibi, nikatazama meza ambayo bunduki ilikuwa imelazwa wakati mimi na wewe tumekwenda kubandika karatasi ya shabaha, na maneno yakanitoka kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe.

"Wewe ndiye uliyebaki nayo peke yako. Nitajuaje hukuigusa? Tangu mwanzo umetaka binti yangu akusikilize wewe tu."

Wewe ukasema, "Baba!" Dorothy akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. Alikuwa na macho madogo kumbe.

"Ipeleke kwa fundi unayemtaka wewe," akasema. "Usiniambie jina lake. Unishuku kadiri unavyotaka, bwana, lakini asiipige tena hata mara moja."

Tulipofika nyumbani ukasema maneno yale, kwa Kiingereza, ukiwa bado umefunga mkanda: kwamba umenisikia maisha yako yote nikiwafanyia watu wengine hivyo, ukidhani ni kazi, na leo umeona kwamba si kazi, ndivyo nilivyo. Ukashuka. Nilibaki ndani ya gari mpaka mama yako akaja kugonga kioo.

Nikaipeleka Laurel, kwa fundi bunduki ambaye jina lake nililipata kwa mtu asiyemjua Dorothy wala Selemani. Mtu mnene, anakohoa, kibanda chake kiko nyuma ya nyumba. Alitoa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Akanieleza kwamba cha kwanza kikiwa ndani, bolti lazima ifunge. Cha pili, ambacho ni kirefu kidogo, kikiwa ndani, lazima ikatae. Akaweka cha kwanza, ikafunga. Akaweka cha pili, nikaomba ikatae. Ikafunga kama mlango wa jokofu.

Kisha akaileta chini ya taa akanionyesha. Kwenye mwili wa bunduki kuna nambari. Kwenye bolti, chini ya mkono wake, mtu aliwahi kuchora tarakimu za mwisho za nambari ili isipotee. Hazikufanana. "Hii bolti si ya bunduki hii," akasema. "Imetoka kwa dada yake. Aina moja, risasi ya aina moja, inaingia vizuri tu. Ila kila moja imepimwa na yake."

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole zaidi.

Nilitoka kwa yule fundi nimefurahi. Binti yangu alikuwa amekaribia kuunguzwa uso, na mimi nilikuwa napiga mluzi ndani ya gari, kwa sababu nilikuwa nimempata mwongo. Selemani. Chai yake, marehemu kaka yangu, "imekaa tu kabatini", yote yakajipanga upya kichwani mwangu. Aliharibu bolti yake, akatuuzia hiyo na kubaki na nzima. Tena nikajua la kufanya, maana ndiyo kazi yangu. Mtu kama huyo humwendei mbio. Unakaa kimya. Unamwacha apige simu mwenyewe, azungumze, ajenge hadithi yake tofali kwa tofali, halafu unavuta la chini. Mama yako aliniuliza kama nimemwambia Selemani, nikasema bado. Ilikuwa Jumanne. Jumatano nikasema bado. Alhamisi Selemani alipiga kweli, wewe ndiye uliyepokea, akauliza bunduki inaendeleaje, nami nikakupungia mkono kwamba sipo.

Ijumaa tulikuwa hapa hapa mezani tunakula. Ulikuwa bado unanisemesha kwa neno moja moja. Ukaweka kijiko chini ukauliza, na safari hii kwa Kiswahili, sijui kwa nini, "Baba, kama hii bolti si ya bunduki hii, ya bunduki hii iko wapi?"

Nikaanza kukujibu. Nikafungua mdomo kusema, anayo Selemani. Na nikaisikia sentensi kabla haijatoka. Anayo Selemani, ndani ya ile nyepesi ya kuwindia. Na msimu wa kuwinda paa ulikuwa unafunguliwa kesho yake.

Nilipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Uliendesha wewe, mimi nikaendelea kupiga simu. Fairfax si mbali, lakini Ijumaa jioni barabara ile unaijua, taa nyekundu za nyuma ya magari hadi upeo wa macho, na wewe hukupiga honi hata mara moja, ulikuwa unapumua kama Dorothy alivyokufundisha kupumua kabla ya kuvuta triga.

Tulimkuta nje, buti la gari limefunguliwa, anapakia. Amevaa koti lake la rangi ya chungwa.

"Karibuni! Mbona jioni hii? Mmekuja kuniaga?"

"Selemani, iko wapi bunduki yako?"

"Kuna nini, kaka?"

"Iko wapi?"

Wewe ndiye uliyemwambia. Ulimshika mkono ukasema, "Shikamoo Anko, samahani, naomba niione bolti." Akakupa bila kuuliza tena. Ukaisoma kwa taa ya buti la gari, tarakimu moja moja. Nilikuwa na nambari ya bunduki yetu kichwani; zilikuwa zile zile.

Selemani alikaa kwenye ukingo wa buti. Tulipomweleza, akageukia mlangoni akaita, "Mama Salma! Hebu njoo." Mkewe akatoka. Akamwuliza, "Bolti za bunduki tunazificha wapi?"

"Si kwenye lile kopo la biskuti," mama yule akasema, "juu ya kabati la chumbani. Tangu wajukuu waanze kuja. Wewe mwenyewe ulisema zitolewe, zifichwe mbali. Zote mbili zimo humo."

Zote mbili zimo humo. Zimefanana kama mapacha. Siku aliyotuletea bunduki alipanda kiti, akaingiza mkono, akachukua moja. Ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na mwongo. Babu aliogopa wajukuu wasije wakajidhuru, na kwa woga huo mzuri akakaribia kukuumiza wewe, na kesho yake kujiumiza yeye mwenyewe.

Selemani akaniangalia. Nilijua atauliza nini, kwa sababu mimi pia ningeuliza.

"Mmejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa." Akawa anaifungua na kuifunga zipu ya koti lake. "Jana nilipiga simu. Zai akasema umetoka." Wewe ukainamisha kichwa. "Ungeniuliza tu, kaka. Ungeniuliza tu, Selemani, bolti hii ni ya wapi? Ningepanda kiti pale pale."

Mama yako anasema nimwombe radhi. Nimemwomba, naye amenijibu yamekwisha. Anatualika, tunakwenda, anamwaga chai. Lakini habari za marehemu kaka yangu hanisimulii tena.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii uwaamini watu. Huko Montana unakokwenda kusoma, mtu akikuambia bunduki yake haina risasi, fungua uone. Mtu akikuambia njia haina barafu, endesha kama ina barafu. Wako watakaokushuku wewe kabla hujafungua mdomo, kama nilivyoshukiwa pale dukani, na huwezi kuwazuia. Lakini jifunze kuuliza mapema, na umwulize mwenyewe, usoni, kwa sauti ya kawaida. Mimi shaka yangu niliitunza kama kitu cha thamani. Niliificha kwa Selemani, nikamtupia Dorothy hadharani, na mahali ilipotakiwa kuwa, siku ile ya chai, nikaifumbia macho kwa sababu ya mapenzi.

Baada ya kila bolti kurudishwa kwenye bunduki yake na fundi kuipima tena yetu, mimi nilitaka tuiache ile bunduki, tukanunue mpya. Nilikuambia hata lile duka la mizinga nitarudi. Ukanijibu jambo ambalo nimewasimulia hadi watu wa ofisini. Ulisema, "Ya dukani hatujui chochote kuhusu yenyewe, Baba. Hii tumeshaiuliza kila kitu." Ukaichagua wewe, ukijua. Hivyo ndivyo ulivyopata bunduki yako ya kwanza, na nadhani hakuna aliyechagua vizuri kuliko wewe.

Na siku uliyoipiga yadi elfu moja, Dorothy aliniita akaniwekea jicho kwenye darubini yake kubwa. Sikuwa nimezungumza naye tangu siku ile. Risasi zako za kwanza upepo ulizichukua, vumbi likaruka kushoto. Ukasubiri. Nyasi zikalala, zikainuka, na wewe bado umesubiri, nami nikataka kupiga kelele upige. Halafu ukapiga, nikaona hewa yenyewe imechanika mstari mwembamba hadi kwenye karatasi. Nikamwambia Dorothy bila kuondoa jicho, "Nilikukosea." Akasema, "Tazama shabaha." Kisha akaniuliza nilimpata fundi gani. Nilipomtaja, akasonya. "Huyo? Huyo mimi simwamini."

Maneno hayo yalinikaa. Unanijua. Miezi yote hii yamenikaa.

Sasa lile ambalo mama yako hajui. Ukifungua kasha la bunduki utakuta risasi zimepungua, na kamba unayokazia mkono imefungwa upande usio wako. Usimshuku mtu. Jana ulipokwenda kuwaaga rafiki zako niliichukua bunduki yako. Nilimpigia Dorothy simu, nikamwambia ninachotaka, akafikiri, akasema njoo.

Mimi sijawahi kupiga bunduki maishani mwangu. Nilimwambia hivyo, akanilaza kwenye mkeka, akanipanga miguu kama mtoto. Fundi amesema ni nzima, Dorothy kasema ni nzima, wewe mwenyewe umeipiga msimu mzima na maganda yanatoka safi. Yote nayajua. Lakini wewe unaipeleka mahali ambapo sitakuwepo nyuma yako, na sikuweza kukuacha uondoke nayo kwa maneno ya watu. Nikaweka shavu langu pale unapoweka lako. Dorothy akaweka mkono mgongoni mwangu. Nikavuta.

Nilipiga tano. Shabaha sikuigusa hata kidogo, bibi yule amecheka hadi amekaa chini. Maganda yote matano yametoka mazima, na uso wangu huu hapa, utauona asubuhi tukiagana. Bega ndilo linaloniuma, ndiyo maana nimenyanyua sanduku lako moja tu.

Mungu akutangulie, mwanangu.

Baba yako